Kula bila nyama kwenye hoteli ya chakula kilicholipiwa Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka tisa nilikuwa mpishi kwenye hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Kiwengwa mpaka Jambiani. Siku hizi nawapangia safari wageni wa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki: familia za Dar, Arusha, Mombasa na Nairobi, wanaolipia chumba na chakula kwa pamoja kabla hawajavuka bahari. Wengi katika hao hawali nyama. Wapo Wasabato, wapo Wahindu, wapo wazee waliokatazwa na daktari, na wapo vijana walioamua wenyewe. Haya ndiyo wanayoniuliza.

"Hafu bodi", "fulu bodi" na "ol inklusivu" ni nini hasa?

Hafu bodi ni kifungua kinywa na chakula cha usiku. Fulu bodi inaongeza cha mchana. Ol inklusivu inaongeza vinywaji na vitafunio vya katikati, na mara nyingi ndiyo wanayovishwa wageni mkanda wa mkononi. Kwenye hizo mbili za mwanzo, vinywaji vya mezani kwa kawaida unalipa mwenyewe, kwa hivyo ulizia kabla hujafungua chupa ya maji.

Kwa asiyekula nyama mimi nashauri hafu bodi, na sababu si pesa peke yake. Ukishalipia milo yote mitatu unajihisi umefungwa pale pale kwenye bafe ya hoteli, unaona uchungu kutoka nje na kulipia tena. Na huko nje, mjini na vijijini, ndiko chakula chako kilikojaa.

Nimeandika kwenye fomu ya hoteli kwamba sili nyama. Haitoshi?

Haitoshi. Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote.

Kwetu visiwani, nyama ni ya ng'ombe au ya mbuzi. Kuku ni kuku. Samaki ni samaki, na ndiye kitoweo cha kila siku. Ukimwambia weita "sili nyama", atafurahi kabisa, atakujibu: "Hamna shida dada, leo kuna changu wa kupaka." Hajakudharau wala hajakosa kusikia. Amekuelewa kama anavyoelewana na mama yake nyumbani.

Mgeni wa Bara naye anakuja na mtego wake. Huko kwenu ugali unaliwa na "mboga", na mboga hiyo inaweza kuwa mchicha, inaweza kuwa dagaa, inaweza kuwa ng'ombe wa kuchemsha. Ukisema "mimi nataka mboga tu" mbele ya mpishi aliyetoka Tanga au Morogoro, na wapishi wa Bara ni wengi hotelini, unaweza kuletewa chochote kati ya hivyo. Sema "mboga za majani" na "vyakula vya jamii ya kunde", au taja kwa majina: mchicha, bamia, bilingani, maharage, choroko.

Na lile neno "vejitariani" uliloliandika kwenye fomu linakaa ofisini. Linaandikwa pembeni ya namba ya chumba. Siku nyingine linafika mpaka kwa msimamizi wa ukumbi wa chakula, siku nyingine linaishia mapokezi. Kwa yule aliyeshika mwiko linafika mara chache sana. Miaka tisa nimeshika mwiko, najua.

Basi niseme nini, na nimwambie nani?

Sema hivi, kwa maneno haya haya: "Sili nyama, sili kuku, sili samaki, wala dagaa, wala kamba, wala pweza. Na sili kilichopikwa kwa supu yao." Kisha umalizie na hali yako: "Mayai nakula" au "mayai sili", "maziwa na samli natumia" au "situmii".

Sema mara tatu. Mara ya kwanza kwa ujumbe wa maandishi, wiki moja kabla ya kufika. Wiki nzima kwa sababu mboga nyingi za hotelini zinavushwa kutoka Bara kwa boti na huagizwa mapema, na kwa sababu maharage na mbaazi lazima zirowekwe usiku. Mpishi hawezi kuzitoa hewani saa moja jioni. Mara ya pili mapokezi, siku unapofika, ukiomba wakuonyeshe nani yuko zamu jikoni. Mara ya tatu kwa mpishi mwenyewe.

Saa nzuri ya kumwona mpishi ni saa kumi alasiri. Chakula cha mchana kimeshaondolewa, vyungu vya usiku havijapanda motoni, watu wanakata vitunguu na kuzungumza. Anza na salamu kamili. Akiwa mtu mzima, "shikamoo" yako iwe ya kweli. Kila mtu humwita "shefu", nawe mwite hivyo hivyo. Usimwendee saa mbili usiku, bafe imefunguliwa na watu mia wamepanga foleni: atakuitikia kila kitu na hatakumbuka hata kimoja.

Kwa nini bafe imejaa nyama na samaki, na kisiwa kimejaa vyakula vya nazi na kunde?

Kwa sababu hoteli nyingi zinaamini kwamba mgeni aliyelipa pesa nyingi ni lazima aone kamba na nyama ya kuchoma, na kwamba chakula cha nyumbani ni aibu kumtengea mgeni. Mimi nilikuwa naamini hivyo pia.

Hotelini kwetu alifika bibi harusi mmoja, Msabato wa Musoma, fungate yake, fulu bodi imelipwa yote. Siku tatu alikula wali mweupe, kachumbari na karoti za kuchemsha. Karoti hizo nilichemsha mimi. Siku ya nne, saa tisa mchana, alipita mlango wa nyuma wa jiko, ule tunaoingizia magunia, akatusalimu: "Habari za kazi, kaka zangu. Kwani nyinyi hapa mnakula nini?" Chungu chetu cha wafanyakazi kilikuwa chini sakafuni, karibu na ndoo ya machicha ya nazi: maharage ya nazi, muhogo wa kuchemsha, na pilipili mbuzi iliyokamuliwa ndimu. Tuliona haya kumpa. Akavuta kreti la soda, akakaa, akala sahani mbili. Mumewe alipokuja kumtafuta, akakaa na yeye.

Kwa hivyo swali lile lile la bibi harusi nakupa wewe. Waulize wafanyakazi wanakula nini leo. Karibu kila hoteli ina chungu cha wafanyakazi, na siku nyingi ndani yake mna maharage, kunde, mchicha au bamia. Omba utengewe sahani kutoka hapo, ukishauliza kwanza kama hakuna dagaa ndani. Hakuna mpishi niliyewahi kufanya naye kazi ambaye angekataa. Wengi wangefurahi.

Vyakula gani vinaonekana salama kumbe vina nyama?

Pilau ndiyo ya kwanza. Hata ukiokota vipande vyote vya nyama ukaviweka pembeni, mchele wenyewe umepikwa kwa supu. Wali wa nazi ni salama: mchele, tui, chumvi.

Bokoboko ni la hatari zaidi kwa asiyelijua. Kwa macho ni kama uji mzito wa ngano, jeupe, laini, limemwagiwa samli juu. Ni ngano na nyama vilivyopondwa pamoja mpaka nyama haionekani tena. Wageni wawili mbele yangu wamelipakua wakidhani ni chakula chao.

Kisamvu na mchicha wa nazi vinaweza kutiwa dagaa au uduvi mkavu ili vipate ladha. Ulizia kila siku, maana mpishi wa leo si wa jana. Supu ya boga ya hotelini inaweza kuwa imetiwa vidonge vya supu ya kuku. Muhogo wa nazi, hasa wa futari, unaweza kuwa na papa mkavu ndani. Na ile jeli ya rangi rangi kwenye meza ya vitamutamu mara nyingi hugandishwa kwa kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Chukua papai.

Urojo nauweka peke yake, kwa kuwa watu wanauogopa bure. Uji wake ni unga wa ngano, manjano, na ukali wa embe mbichi au ndimu. Ndani hutiwa mbatata, kachori, bajia, chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Mishkaki na yai vinaongezwa juu mwishoni, mbele ya macho yako. Sema "usinitilie mshikaki wala yai" kabla bakuli halijajazwa, na umepata mlo kamili.

Chipsi na bajia zinakaangwa mafuta gani?

Mara nyingi mafuta yale yale yaliyokaangiwa samaki na kamba. Kama kwako hilo ni tatizo, omba kikaango cha peke yake. Ni ombi dogo, linachukua dakika tano. Jiko la mkaa la nje ni gumu zaidi: wavu ni mmoja, na mahindi na bilingani huchomwa pale pale ilipochomwa pweza. Omba vifunikwe kwa karatasi ya foili.

Sisi ni Wahindu wa Dar. Mayai hatuli, na mama siku za mfungo hali kitunguu wala thomu (kitunguu saumu). Tutaweza?

Mtaweza, ila kwa kujipanga. Ugumu wa hotelini ni kwamba vitunguu, thomu na tangawizi husagwa pamoja asubuhi, ndoo nzima, na kila mchuzi wa siku hiyo unaanzia hapo. Mpishi akikwambia "nitaviondoa", haviondoki. Chakula cha mama lazima kianze kwenye sufuria yake, na mpishi lazima ajue kabla ya ile ndoo kusagwa. Choroko, bamia au mbatata zilizopikwa kwa bizari nyembamba, manjano, tungule (nyanya) na nazi hazimshindi mpishi yeyote wa Unguja.

Kuhusu mayai: chapati za kusukuma kwa kawaida ni unga, maji, chumvi na mafuta au samli, lakini wapo wanaotia yai, hivyo uliza. Chapati za maji karibu zote zina yai. Vitumbua ni mchele, tui, hamira, sukari na iliki. Mkate wa kumimina ni jamaa yake, ila wengine huutia ute wa yai. Ile pizza ya Zanzibar ya Forodhani hushikamanishwa kwa yai. Mwambie fundi akufanyie ya mboga bila yai, au ile ya ndizi na chokoleti, naye akunje unga mbele yako.

Mji Mkongwe una jamii ya Wahindu tangu zamani na hekalu lao liko Hurumzi. Jikoni mwa mji huu mambo ya kula bila nyama si mageni. Kama mnaweza, laleni mjini angalau siku mbili kabla ya kwenda pwani.

Ndugu yangu Marekani alitumia mpango wa chakula wa Disney. Huku ni hivyo hivyo?

Hapana. Kule Walt Disney World, Florida, mpango wa kulipia kabla unahesabu: kwa kila usiku unaolala kwenye hoteli zao unapata idadi ya milo, ya kujichukulia dirishani au ya kukaa mezani, pamoja na kitafunio. Ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudi Januari 2024. Na menyu zao zina alama ya jani kwenye chakula kisicho na kitu chochote cha mnyama, hata maziwa na asali. Huku hakuna kuhesabu, unakula bafe mpaka utosheke, lakini usitegemee kukuta jani hilo. Alama yako ni mdomo wako.

Nikitoka kwa matembezi ya siku nzima, mlo niliolipia unapotea?

Ukikaa kimya, unapotea. Hoteli kwa kawaida hairudishi pesa ya chakula kisicholiwa. Waambie usiku wa kuamkia safari wakufungie chakula cha njiani, ukitaja unachotaka: chapati, maharage makavu, kachori, matunda. Usipotaja watakufungia mkate wenye kipande cha kuku.

Matembezi yenyewe hayafanani. Ya mashamba ya viungo, kule Kizimbani na Kidichi, ndiyo rafiki yako: mara nyingi unapikiwa wali wa viungo, mchuzi wa nazi wa mboga na chapati, na nyama au samaki huwekwa bakuli la pembeni. Ya jahazi kwenye ghuba ya Menai ni kinyume chake. Kilele cha siku ni samaki, kamba na ngisi wa kuchomwa mchangani, na asiyekula hivyo hubaki na wali na matunda. Mwambie mwenye jahazi siku mbili kabla, kwa sababu vyakula hununuliwa alfajiri na huko mchangani hakuna duka.

Ramadhani je?

Hoteli zinaendelea kupika mchana, ila migahawa na vibanda vingi vya mitaani hufungwa, na si adabu kula hadharani. Mwezi huo hafu bodi inakubana kidogo mchana. Lakini jioni! Hakuna mwezi mwingine ambao asiyekula nyama anakula vizuri Zanzibar kama huu. Futari ni mihogo, viazi vikuu, majimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi na mbivu, mashelisheli, vyote kwa nazi. Kuna tambi za sukari, kaimati, vitumbua, uji wa pilipili manga. Kabla ya magharibi barabarani kunauzwa bajia na kachori za moto. Ulizia samaki mkavu kwenye muhogo, kama nilivyosema, halafu ule. Na mwenyeji akikualika futari, usikatae kwa sababu ya kuogopa kumsumbua. Mwambie mapema usichokula, nusu ya sinia itakuwa yako bila yeye kubadilisha chochote.

Watoto wangu watapata protini?

Watapata. Maharage, kunde, mbaazi, choroko na karanga vipo mwaka mzima. Ukivila pamoja na wali au mkate vinatosha. Asubuhi mayai yapo kwa wanaokula.

Nimesikia mwani unaliwa. Ni kweli?

Ni kweli. Kilimo cha mwani kilianza hapa mwaka 1989, na pale Paje na Jambiani maji yakipwa utawaona akina mama wakifunga mbegu kwenye kamba. Mwingi unasafirishwa nje, ila siku hizi hutengenezwa pia juisi, achari na kachumbari. Mimi naupenda kwenye kachumbari, umeoshwa chumvi vizuri, na ndimu nyingi.

Pemba kuna hoteli za namna hii?

Chache, na ndogo. Nyingi ni nyumba za wageni za Chake Chake, Wete na Mkoani, ambako asubuhi unaulizwa "usiku utakula nini?" na kinapikwa hicho. Kwa asiyekula nyama ni rahisi kuliko Unguja, kwa sababu anayekuuliza ndiye anayepika.

Wamenikosea, wameniletea samaki mara mbili. Nidai pesa yangu?

Unaweza, lakini pesa itachukua wiki na wewe una njaa leo. Mwone meneja wa zamu, si weita. Weita kijana huyo ndiye atakayekatwa mshahara kwa kosa la ofisi. Omba upikiwe papo hapo, na omba kitu cha kufidia ndani ya mpango wenyewe: mlo wa mchana kama una hafu bodi, au vinywaji. Andika ujumbe huo huo kwa aliyekuuzia safari, ukitaja tarehe na mlo. Hapo ukirudi nyumbani una cha kushika mkononi.

Nikiomba kitu kimoja tu kutoka jikoni, niombe nini?

Maharage ya nazi, yapikwe kwa ajili yako, si ya kopo. Yarowekwe usiku, yachemshwe mpaka yafanye ufa. Yaunganishwe kwa kitunguu, tungule na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, itoe harufu bila ukali. Kwanza litiwe tui jepesi, yachemke nalo taratibu. Tui zito, ambalo wengine tunaliita kasimile, litiwe mwisho, moto mdogo, mwiko usisimame, lisije likakatika. Mpishi akikuuliza utakula na nini, mwambie mkate wa ufuta uliotoka sasa hivi, na ndimu moja.